Vifaa vya Kufundishia Sayansi, Hisabati, Jiografia na Historia: Maswali Ambayo Walimu wa Nairobi Hutuuliza

Maswali haya yametoka kwa walimu wa Gredi ya 4 hadi ya 9 tunaokutana nao Jumamosi, wengi wao kutoka Embakasi, Kasarani, Kibra na Dagoretti. Majibu ni yetu. Pale ambapo tunapendelea jambo fulani, tumelisema waziwazi.

Kifaa kizuri cha kufundishia ni kipi hasa?

Ni kile kinachomfanya mwanafunzi atafute jibu ambalo halijaandikwa ubaoni. Chati ya moyo iliyopakwa rangi inapendeza ukutani, na afisa wa elimu akipita ataisifu, lakini wiki ya pili hakuna mtoto anayeitazama tena. Kabla hujabeba chochote kwenda darasani, jiulize: mtoto atapima nini? Atabishana na mwenzake kuhusu nini? Ataandika nini ambacho sijamwambia? Ukikosa la kujibu, hicho ni pambo. Mapambo hayana ubaya, ila yasikumalizie pesa.

Shule yetu haina maabara. Sayansi Jumuishi tutaifundishaje?

Anza na asidi na besi, maana vifaa vyake viko sokoni. Nunua kabichi ya zambarau, soko la Marikiti halikosi. Ikatekate, imwagie maji moto, iache ipoe, kisha chuja. Utapata maji ya zambarau iliyokolea. Yagawe kwenye vikombe vidogo na uwaache wanafunzi waongeze vitu walivyoleta kutoka nyumbani: ndimu, siki, maziwa mala, maji ya majivu, sabuni ya kufulia, magadi, dawa ya kiungulia iliyosagwa. Kikombe cha ndimu kitageuka chekundu palepale. Cha magadi kitaenda kwenye buluu na kijani. Waambie wavipange vikombe kwa mstari, kuanzia chekundu zaidi hadi cha kijani zaidi, na wakimaliza ndipo utaje pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi. Watakuwa tayari wameshaichora kwa vikombe. Ukikosa kabichi hiyo, chemsha petali za haibiskasi nyekundu kutoka ua wa jirani, kwa ruhusa yake.

Usiache magadi yaishie hapo. Yanatoka Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi ukipitia Kiserian, ambako madini yanayoitwa trona hujitengeneza maji ya chumvi yanapokauka juani kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Kwa hiyo kijiko kimoja cha kitu ambacho mama huweka kwenye maharagwe kinakupa kemia, jiografia na historia ya ukoloni. Kiweke kwenye jagi, mwagia siki, subiri povu litulie, kisha inamisha jagi taratibu juu ya mshumaa unaowaka bila kumwaga maji yenyewe. Mshumaa utazimika. Usieleze haraka. Waache wabishane kwanza kuhusu kilichouzima.

Onyo moja hatulifanyii mzaha: dawa ya kung'arishia nguo isikaribie siki wala dawa ya kusafishia choo. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na darasa lenye madirisha madogo si mahali pa kujaribia hilo. Asidi ya betri ya gari nayo ibaki gereji.

Kipimajoto chetu kinaonyesha maji yakichemka kwa nyuzi 94. Kimeharibika?

Kiko sawa. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baadhi ya sehemu za jiji zinakaribia 1,800 au kuzidi. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ile iliyo juu ya Mombasa, hivyo mgandamizo wake ni mdogo na maji huchemka mapema, karibu nyuzi 94 za Selsiasi. Nyuzi 100 za kitabuni ni za usawa wa bahari.

Hili ni miongoni mwa majaribio tunayoyapenda zaidi kwa sababu linafichua tabia. Pitia madaftari baada ya jaribio uone ni wangapi wameandika 100 huku kipimajoto kikiwa mbele ya macho yao. Kisha wape kazi ya nyumbani isiyogharimu chochote: kwa nini githeri huchelewa kuiva Limuru kuliko Voi, na sufuria ya presha inasaidiaje?

Nina wanafunzi 70 katika chumba kimoja. Vikundi vya wangapi?

Wanne. Vikundi vya saba huzaa wafanyakazi wawili na wapiga gumzo watano. Najua, wanne wanne ni karibu vikundi 18 na huna vifaa vya kutosha, kwa hiyo ligawe darasa nusu kwa nusu. Nusu moja inapima vivuli au inakusanya udongo mahali unapoweza kuwaona ukiwa mlangoni, nusu nyingine iko ndani na zoezi la kuandika, halafu mnabadilishana katikati ya kipindi. Zoezi la ndani liwe wanaloweza kulifanya bila wewe, la sivyo utakuwa unakimbia huku na huko.

Hisabati haina majaribio. Nilete nini?

Leta gorogoro. Kila mtoto wa Nairobi amewahi kutumwa kununua mahindi au maharagwe kwa kopo hilo, na kila mama anajua kuna wauzaji wanaoligonga kitako ili kiingie ndani. Tafuta makopo mawili, moja zima na jingine lililobonyezwa. Wanafunzi wapime kipenyo na kimo cha lile zima kwa rula, wakokotoe ujazo kwa kanuni ya silinda, kisha walijaze maji na kuyamimina kwenye jagi lenye alama za mililita. Majibu mawili hayatalingana kabisa. Hapo mnapata mjadala mzuri kuhusu unene wa bati, rula kusomwa kwa pembe, na maji yaliyomwagika.

Sasa wajaze lile lililobonyezwa na wapime tofauti. Bado hamjafika mwisho: kama mteja ananunua gorogoro mbili kwa wiki, anapoteza kiasi gani kwa mwaka? Kwa bei ya leo ya mtaani kwenu ni shilingi ngapi? Hapa utawasikia wanafunzi wasiopenda hisabati wakidai warudie kukokotoa, kwa kuwa hasira ni kichocheo kizuri. Kiongozi wa kikundi kimoja tulichokiona alitaka waende sokoni na jagi siku hiyo hiyo. Tulimzuia, lakini si kwa moyo wote.

Kifaa cha pili ni bao. Ubao kamili una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Trei moja ya mayai ina mashimo 30 tu, kwa hiyo utahitaji trei mbili, uziunganishe na kukata safu nne kwa nane. Kete ziwe mbegu, kokoto au vizibo vya soda. Swali la kuanzia: mchezaji huzungusha kete kwenye mashimo yake 16. Akiwa na kete 19 mkononi, ataishia shimo la ngapi kutoka alipoanzia? Mtoto wa Gredi ya 5 ataanza kwa kuhesabu kwa kidole. Baada ya raundi chache atagundua kwamba anachohitaji ni kile kinachobaki baada ya kutoa 16, na hapo mgawanyo wenye baki utakuwa umemwingia bila wewe kuutaja.

Je, kuna zoezi moja linaloweza kubeba masomo yote manne?

Lipo. Ni la kijiti na kivuli, na kama ungeweza kufanya moja tu mwaka huu tungekushauri ulifanye hili.

Simamisha kijiti cha mita moja wima kabisa uwanjani (tumia uzi wenye jiwe kuhakiki). Kuanzia saa sita kamili mchana, wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano hadi saa saba. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka. Kile kifupi kuliko vyote huelekea kaskazini au kusini halisi, na kuanzia hapo hamhitaji dira.

Jambo la kwanza litakalowashangaza ni kwamba kivuli kifupi zaidi hakitokei saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ilhali Nairobi iko karibu nyuzi 36.8. Dunia huchukua dakika nne kuzunguka nyuzi moja, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa wastani wa dakika 33. Kazi hiyo ya kuzidisha waachie wao.

La pili ni upande. Mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini mwetu, na kijiti cha mita moja kitatupa kivuli cha takriban sentimita 46 kuelekea kusini. Desemba mambo hugeuka: kivuli cha sentimita 41 hivi huelekea kaskazini. Katikati kuna siku mbili ambazo jua hupita karibu kabisa juu ya utosi wa Nairobi, karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Shule huwa zimefunguliwa. Machi tokeni nje kama saa 6:40 mchana, Septemba kama saa 6:24. Kijiti hakitakuwa na kivuli cha maana, na watoto watasimama wakitazama miguu yao.

La tatu linahitaji rafiki. Tafuta mwalimu aliye Marsabit, mjini, na mkubaliane siku moja ya Juni au Julai. Kila shule ipime kivuli chake kifupi zaidi, ichore pembetatu kwa skeli kwenye daftari, na isome pembe ya jua kwa protrakta. Tofauti ya pembe zenu itakuwa karibu nyuzi 3.6, ambayo ni sehemu moja ya mia ya duara. Umbali kati ya miji hiyo miwili, ukihesabu kaskazini-kusini tu, ni kama kilomita 400. Zidisha kwa mia. Mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000, na nyinyi mmeupima kwa vijiti viwili na simu moja. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alifanya hesabu hiyo hiyo nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akitumia Aleksandria na Syene, mji unaoitwa Aswan leo. Msikate tamaa mkipata 36,000 au 45,000. Kosa la nyuzi nusu tu kwenye protrakta linaweza kuyumbisha jibu kwa maelfu ya kilomita, na kuwafanya wanafunzi walitafute kosa hilo kunawafunza zaidi ya kupata jibu sahihi.

Ramani ninunue wapi, na ipi?

Idara ya Upimaji iko Ruaraka, kando ya barabara ya Thika, na ndiko ramani rasmi za nchi huuzwa. Kwa shule chukua ya skeli ya 1:50,000 inayoonyesha eneo lenu, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja. Ramani ya dunia inaweza kusubiri. Mtoto akishapima njia yake ya kwenda nyumbani kwa uzi juu ya ramani, na akaona matatu inazunguka kiasi gani kuliko ndege, skeli haitamsumbua tena.

Ukipata toleo la zamani, usilikatae. Wanafunzi walitumie kutafuta kisichokuwepo: barabara ya Thika ilivyo tangu 2012, barabara ya juu kwa juu iliyofunguliwa 2022, mitaa iliyomeza mashamba ya kahawa.

Jiografia ya nje ya darasa ndani ya jiji? Sisi tunaona lami na kuta tu.

Angalia chini. Upande wa magharibi na kaskazini, Kikuyu, Kabete, Westlands, udongo ni mwekundu na maji hupenya vizuri. Ukienda mashariki na kusini, Embakasi, Donholm, Syokimau, utakuta udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ule unaong'ang'ania viatu vya watoto msimu wa mvua. Jaza kila udongo nusu ya chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, ongeza maji, tikisa kwa dakika mbili, ziache hadi kesho yake. Mchanga utakuwa chini, matope laini juu, na ule mweusi utabaki na maji machafu kwa muda mrefu kwa sababu chembe zake za mfinyanzi ni ndogo mno. Kisha waulize kwa nini nyumba za Embakasi huhitaji kuchimbiwa msingi tofauti na za Kabete. Mtoto wa fundi mjengo atawafundisha nyote.

Kipima mvua nacho kinatengenezeka kwa chupa ya lita moja na nusu: kata sehemu ya juu, ipindue iwe faneli, weka kokoto chini kufunika pale palipopinda, mimina maji hadi pande ziliponyooka na uandike hapo sifuri. Usisahau hatua hiyo ya mwisho, la sivyo vipimo vyote vitakuwa vya uongo. Sasa hesabu inayomgusa mwalimu mkuu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 8 likipata milimita 25 za mvua ya Aprili limepokea lita 4,000. Shule inanunua maji ya bowsa kwa bei gani?

Wanafunzi wanasema historia inachosha. Nifanyeje?

Wana haki, ikiwa historia ni orodha ya tarehe za kukariri. Wape vitu vya kushika.

Cha kwanza kimo mfukoni. Sarafu za sasa, zilizotoka Desemba 2018, zina twiga, kifaru, simba na tembo. Za awali zilikuwa na vichwa vya marais. Bibi na babu wengi bado wana sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu katikati na jina la mfalme wa Uingereza. Zichanganye zote kwenye bakuli, ziba miaka kwa selotepu, na uwaambie wazipange kuanzia kongwe. Watajenga historia nzima ya utawala wa nchi kwa ushahidi: mfalme, kisha rais, kisha mnyama. Kwa nini mnyama? Hapo wafungulie Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kinachokataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Mwanafunzi mwenye macho makali atakuonyesha sanamu ya Mzee Kenyatta mbele ya jengo la KICC kwenye noti za 2019. Mwambie hakuwa wa kwanza kuiona. Suala hilo lilifika kortini mwaka huo huo na korti ikaziacha noti zilivyo. Je, wao wangeamuaje?

Cha pili ni kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kijikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Tengenezeni vijikebe kwa bati la sardini lililokunjwa kingo, na karatasi za kujaza. Mwanafunzi mmoja awe mwajiri anayekataa kutia saini. Dakika kumi zinatosha. Baada ya hapo kukamatwa kwa Harry Thuku, kiongozi aliyepinga kipande, mnamo Machi 1922, na watu waliopigwa risasi karibu na ilipo hoteli ya Norfolk, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao, hakutakuwa mstari tu wa kukariri.

Cha tatu ni majina ya barabara. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Government Road ikawa Moi Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikawa Tom Mboya Street. Wape ramani mbili wajaze.

Wanafunzi hawana picha kichwani ya "miaka milioni". Je?

Kamba ya katani ya mita 46. Dunia ina takriban miaka bilioni 4.6, kwa hiyo mita moja ni miaka milioni 100 na sentimita moja ni milioni moja. Itandazeni uwanjani. Dinosaria walitoweka sentimita 66 kabla ya mwisho. Mvulana wa Turkana, yule binadamu wa kale ambaye mifupa yake iko Makumbusho ya Kitaifa, yuko sentimita moja na nusu kutoka kwenye ncha. Binadamu wa aina yetu wamo ndani ya milimita tatu za mwisho, na uhuru wa Kenya hauonekani hata kwa lenzi. Fundisho lote ni hilo kutembea mita 45 bila kukutana na mtu.

Ziara ya Makumbusho ya Kitaifa inafaa gharama ya basi?

Inafaa ukienda na swali moja. Haifai ukienda kuona kila kitu, kwa sababu mtatembea vyumba vyote, mtachoka, na ripoti zote zitafanana. Tunachopendekeza ni Mvulana wa Turkana, yule aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984. Alikuwa bado mtoto na tayari alikaribia kimo cha sentimita 160. Wanafunzi wajipime shuleni kabla ya kwenda, kisha wachunguze miguu, nyonga na fuvu lake na waandike ni wapi anafanana nao na wapi hafanani. Mifupa ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya rais hadi kufa kwake 1974, ni ya pili. Nyoka waache mwisho kabisa. Wakishawaona hao hakuna atakayekusikiliza tena.

Kama nauli ni tatizo, matembezi ya katikati ya jiji yanatosha: Makumbusho ya Reli, kisha Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka pale Moi Avenue, sanamu ya Tom Mboya jirani yake, umalizie kwa sanamu ya Dedan Kimathi. Nendeni asubuhi, na mjulishe Makumbusho ya Reli na Hifadhi ya Nyaraka mapema. Mwalimu mmoja awe mbele na mwingine nyuma, na kuvuka barabara kuwe kwa pamoja.

Kuna vifaa vya kompyuta visivyohitaji bando kila siku?

Vipo. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder uliozinduliwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, una maonyesho ya sayansi na hisabati ambayo ni bure, ukiyapakua hufanya kazi bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. La saketi za umeme ni zuri kuliko tuliyowahi kuona. GeoGebra ni ya jiometri na grafu. Kolibri hupakia maktaba nzima ya masomo kwenye tarakilishi moja, na vishikwambi vingine vikasoma kutoka humo. KICD, taasisi ya kitaifa ya mitaala, nayo ina masomo yake yanayofuata mtaala, kwenye Kenya Education Cloud.

Ule mradi wa vishikwambi ulioanza 2016 uliacha vifaa vingi vimefungiwa stoo. Uliza funguo. Kishikwambi kimoja kinachofanya kazi kwa watoto wanne kinatosha. Lakini usianze na skrini. Washike waya, balbu na betri kwanza; wakikwama ndipo wafungue PhET wajaribu yale ambayo betri halisi zingeungua.

Wazazi wamechoka kutumwa saiba kuchapisha picha za rangi. Wanakosea?

Hawakosei. Kazi yoyote inayomhitaji mzazi alipie karatasi saa mbili usiku haipimi uwezo wa mtoto. Acha kuitoa.

Wazungumze lugha gani wakiwa kwenye vikundi?

Yoyote inayowafanya wabishane. Mitihani ya sayansi na hisabati iko kwa Kiingereza, kwa hiyo ripoti iandikwe kwa Kiingereza. Lakini mjadala wa kwa nini mshumaa umezimika ukifanyika kwa Kiswahili au Sheng huwa na hoja nyingi zaidi, na hatuoni sababu ya kuukatiza.

Nina mwanafunzi asiyeona.

Zoezi la kamba ya mita 46 ni lake kuliko la mtu yeyote: piga fundo mahali pa kila tukio na atembee akiishika. Kwa ramani, bandika uzi kwa mito, mchanga kwa nchi kavu na kitambaa laini kwa ziwa juu ya kadibodi. Wenzake wataitaka pia.

Nitaziwekea vipi alama kazi hizi?

Tumia viwango vinne mlivyozoea vya matarajio, ila usipime urembo. Angalia jedwali la vipimo, maelezo ya kilichotokea, na sentensi moja inayosema kosa lingeweza kutoka wapi. Hiyo sentensi ya tatu ndiyo inayomtofautisha aliyezidi matarajio.

Chati zangu hazimalizi muhula.

Karatasi ya manila huraruka. Fanya kama walimu wengi wa chekechea: fumua magunia ya nailoni ya unga au sukari, yafue, chora kwa maka ya wino usiofutika, pindia kingo kwa sindano. Gunia lililokunjwa huhimili vumbi, mvua inayovuja na panya.

Nina pesa kidogo sana. Ninunue nini kwanza?

Kipimajoto cha pombe kinachofika nyuzi 110, mizani ya jikoni inayosoma gramu, futi kamba mbili, jagi lenye alama za mililita, na kamba ya katani. Sumaku usinunue dukani. Mafundi wa redio wa barabara ya Luthuli wana spika zilizokufa ambazo hawajui wazipeleke wapi, na ndani ya kila moja mna sumaku yenye nguvu. Globu ingoje. Ukipata ya kununua, iwe na kipenyo kisichopungua sentimita 30, kwa sababu katika zile ndogo za madukani Kenya nzima hufunikwa na ukucha wa kidole kidogo na hakuna nafasi ya kuandika Nairobi.